Siku sita bila nyama: mwongozo kamili kwa mla nyama wa Lamu

Wengi hushindwa siku ya tatu, tena kwa njia ile ile. Mtu aliyezoea nyama mchana na usiku anaamka na nia ya kusafisha mwili, anaiondoa nyama kwenye sahani, halafu haweki kitu mahali pake. Anabaki na wali na majani. Siku ya kwanza anavumilia. Ya pili kichwa kinamgonga na tumbo linanguruma. Ya tatu, baada ya magharibi, moshi wa mishkaki unampita puani na safari inaishia hapo. Baadaye hujilaumu kwamba hana subira.

Subira haina kosa. Mtu huyo alikuwa na njaa ya kweli, na mwenye njaa ya kweli atakula. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi kwa kuondoa kitu. Unaanza kwa kubandika chungu cha kunde, na nyama inatoka baada ya kunde kuiva.

Kabla hatujaenda mbali: hakuna chakula wala kinywaji kinachofagia sumu mwilini. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo usiku na mchana, na hazihitaji kusukumwa. Siku sita za vyakula vya mimea zina faida nyingine, nazo si ndogo. Unapunguza mafuta ya wanyama, unapunguza chumvi, unaongeza nyuzinyuzi, na unarudi kwenye mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isiyofika gramu 5, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Mla nyama wa kawaida hafiki huko kwenye mboga, na kwenye chumvi hupitiliza.

Kwa sababu hiyo hiyo, usinywe sanamaki wala chai yoyote ya kuharisha kwa jina la kusafisha. Kuharisha hakutoi sumu. Kunatoa maji na madini ambayo moyo na misuli inayahitaji, na kwa joto letu hasara hiyo huja haraka. Pia dawa unazomeza zinaweza kupita tumboni kabla hazijafanya kazi.

## Nani asianze bila kumwona daktari

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Ukibadilisha chakula na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla.

Mwenye ugonjwa wa figo. Madafu, ndizi, mchicha na kunde vina potasiamu nyingi, na figo dhaifu haziwezi kuitoa.

Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Anayetumia dawa za presha naye aulize, maana chumvi ikipungua presha inaweza kushuka kuliko ilivyokusudiwa.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye upungufu wa damu wasiingie kwenye zoezi hili.

## Vitu vya kuwa navyo nyumbani

Hesabu hii ni ya mtu mmoja kwa siku sita. Nunua vitu vikavu vyote kwa pamoja, mapema. Mboga za majani nunua kila asubuhi.

Vikavu: kunde nusu kilo, mbaazi nusu kilo, pojo nusu kilo. Karanga robo kilo, zisizokaangwa kwa chumvi. Korosho na ufuta kidogo, na pwani yetu inavyo vyote viwili. Tende. Mchele. Unga wa wimbi kwa uji.

Vibichi: vitunguu maji visivyopungua kilo moja, nyanya, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili, dania, ndimu kumi na mbili, biringani nne, boga, bamia, muhogo mtamu. Majani ya aina mbili au tatu: mchicha, majani ya kunde, matembele. Msomaji wa Malindi ana bahati hapa, maana akina mama wa Kigiriama huleta sokoni mchunga na mnavu, na uchungu wake unakwenda vizuri sana na nazi.

Vya ladha: ukwaju, bizari nzima, bizari ya manjano, pilipili manga, iliki, mdalasini, nyanya ya mkebe.

Nazi tatu tu. Nitaeleza kwa nini tatu.

Vyombo: sufuria au chungu chenye kifuniko kinachobana, jiko la makaa, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu au chujio, vijiti vya mishkaki, na kibakuli kidogo cha chuma.

Lamu mboga nyingi hutoka Mpeketoni au bara zikivushwa kwa boti kutoka Mokowe. Siku ya bahari chafu au barabara mbovu soko huwa tupu ifikapo saa nne asubuhi. Usitegemee kupata kila kitu siku yenyewe.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Anza Jumamosi asubuhi, maliza Alhamisi usiku. Nimechagua siku sita badala ya saba kwa sababu ya Ijumaa. Nyumba nyingi za pwani hupika pilau au biriani baada ya sala, familia hukutana, na kumwambia mtu akae kando ya sinia siku hiyo ni kumtafutia mtihani usio na faida. Siku sita zinatosha kuona mabadiliko, na Ijumaa ya kwisha unajua utakula na wenzako.

Usianze wiki yenye harusi au khitma ya jamaa wa karibu. Usianze Ramadhani, kwa sababu saa za kula zinabadilika na maji hayatoshi.

Wengi hupenda kuanza baada ya Idi Kubwa, nyama ya udhia ikiwa imewachosha. Wakati huo unafaa, mradi friji iwe tupu kwanza. Kitoweo kikibaki, gawa kwa jirani.

Alhamisi na Ijumaa kabla ya kuanza, kula nusu kikombe cha kunde pamoja na chakula chako cha kawaida. Tumbo lililozoea nyama halina mazoea ya nyuzinyuzi nyingi, na ukilishtua kwa vikombe vitatu siku moja, litajaa gesi.

## Hatua ya 2: Weka mipaka inayoeleweka

Kwa siku hizi sita hakuna nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa wala samli. Wengi hapa hawahesabu samaki kuwa nyama, na hapo ndipo mlango hufunguka: leo changu, kesho kamba, keshokutwa kuku kidogo. Funga mlango wote.

Angalia nyama iliyojificha. Mchuzi uliotolewa vipande bado ni mchuzi wa nyama. Chapati za mkahawani mara nyingi zina samli. Viungo vya pakiti vina ladha ya nyama na chumvi nyingi mno.

Halafu zungumza na anayepika. Hili naliweka wazi, kwa sababu nyumba nyingi huvunjika moyo hapa: mume anaamua peke yake, na mke anajikuta na vyungu viwili kila siku. Hiyo si haki. Ama nyumba nzima ile kunde kwa pamoja na anayetaka nyama ajiongezee, ama mwenye nia aingie jikoni apike mwenyewe. Hatua inayofuata imeandikwa ili hata asiyewahi kupika aiweze.

## Hatua ya 3: Pika chungu cha kwanza

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote. Kunde zikiwa ngumu au chapwa, kila kitu kitakachofuata kitaharibika.

Kwa nini kunde. Kikombe kimoja cha kunde zilizoiva kina takriban gramu 13 za protini, sawa na gramu 50 hivi za nyama ya ng'ombe iliyopikwa. Mtu mzima anahitaji karibu gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani takriban 56 kwa mtu wa kilo 70. Vikombe vitatu kwa siku, pamoja na karanga kiganja kimoja, wali na mkate, vinafikisha hesabu hiyo. Kikombe kimoja kwa siku hakifiki, na ndicho wanachokula wengi wanaoshindwa.

Kuchagua na kuloweka. Mwaga kunde robo kilo kwenye ungo, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu. Osha, loweka usiku kucha kwa maji yanayozidi kunde mara tatu. Asubuhi mwaga maji hayo yote. Yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi, kwa hiyo usiyapikie. Mbaazi ni vivyo hivyo. Pojo hazihitaji kulowekwa.

Maji ya kupikia. Wengi hulalamika kwamba kunde zao zimekaa motoni tangu asubuhi na bado zinagonga jino. Mara nyingi kosa ni la maji. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi hukaza ganda la kunde. Kama nyumba yako ina jabia au tangi la maji ya mvua, pikia hayo. Watu wengine hutia magadi ili ziive upesi. Zitaiva kweli, lakini magadi yanaongeza sodiamu ambayo tunajaribu kuipunguza, na yanaharibu vitamini B1.

Moto. Weka maji mapya yafike vidole vitatu juu ya kunde. Chemsha kwa nguvu, toa povu, kisha punguza moto na funika. Kunde zilizolowekwa huchukua kama saa moja, mbaazi saa moja hadi moja na nusu, pojo nusu saa au zaidi kidogo. Zilizokaa dukani muda mrefu huchukua zaidi.

Usitie ukwaju, nyanya wala ndimu kabla hazijaiva. Kitu kichachu huzuia ganda lisilainike, hata ukapika mpaka alasiri.

Onyo kuhusu maharagwe mekundu. Ukiyatumia badala ya kunde, yaloweke angalau saa tano, mwaga maji, kisha yachemshe kwa moto mkali, yakitokota kabisa, kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo pekee hauiui.

Umefaulu ikiwa: ukichukua punje moja ukaibana kati ya ulimi na kaakaa inapondeka bila jino, ganda halijaachana nayo, na maji yaliyobaki yamekuwa mazito yenye rangi. Maji hayo ndiyo supu yako. Usiyamwage.

Kuhifadhi. Kwa joto la Lamu kunde zilizopikwa asubuhi zinaweza kuwa zimechacha jioni. Mwenye friji apike za siku mbili na aziweke humo mara zinapopoa. Asiye na friji apike za siku moja tu. Kwa vyovyote vile, usitie tui kwenye chungu kizima. Tui ndilo linalotangulia kuharibika, kwa hiyo toa sehemu utakayokula na uitie nazi hiyo peke yake.

## Hatua ya 4: Upe ulimi kile unachokidai

Mla nyama akisema ametamani nyama, mara nyingi ametamani vitu vinne: kitu kilichoungua kidogo, moshi, mafuta kidogo, na kitu cha kutafuna. Vyote vinapatikana bila mnyama, lakini lazima uvitengeneze. Havimo kwenye mchicha wa kuchemsha.

Kitunguu cha rangi. Kata vitunguu viwili vyembamba. Tia vijiko viwili vya mafuta kwenye sufuria, weka vitunguu kwa moto wa wastani, na usiondoke. Dakika tano za mwanzo vitatoa maji na kulegea. Kisha kingo zitaanza kugeuka, sauti ya sufuria itabadilika kutoka kutokota hadi kukaangika, na harufu itakuwa tamu. Endelea mpaka viwe rangi ya kitunguu cha pilau, kama dakika 15 hadi 20. Anayeharakisha kwa moto mkali hupata vitunguu vilivyoungua nje na vibichi ndani, na mchuzi mchungu.

Hapo tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, bizari nzima, pilipili manga, kisha kijiko cha nyanya ya mkebe. Koroga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Sasa mimina kunde na supu yake, acha zichemke pamoja dakika kumi, na umalizie kwa ukwaju uliokamuliwa. Chumvi onja mwisho. Utashangaa ni kidogo kiasi gani inayohitajika, kwa sababu ukwaju na kitunguu vimefanya sehemu kubwa ya kazi ya chumvi.

Moshi. Chukua kaa moja dogo lililowaka mpaka jekundu, liweke kwenye kibakuli cha chuma, na ukiweke kibakuli hicho juu ya kunde ndani ya sufuria. Dondoshea mafuta matone mawili. Moshi ukipanda, funika mara moja na uache dakika tano. Fanya hivi uani au mahali pa wazi. Moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Mishkaki ya biringani. Hii ndiyo silaha ya jioni. Kata biringani vipande vya ukubwa wa mishkaki, nyunyiza chumvi kidogo, acha dakika 20, kisha suuza na ubane kwa kitambaa safi mpaka vikauke. Usipovibana vitanyonya viungo na kulainika kabla ya kuchomeka. Vipake thomu, tangawizi, ukwaju mzito, pilipili na kijiko kimoja cha mafuta. Saa moja inatosha. Tunga kwenye vijiti, choma juu ya makaa yaliyotulia na ugeuze mara kwa mara. Kula kwa muhogo wa kuchoma, pilipili na ndimu.

Muhogo uwe mtamu, umenywe na uchomwe mpaka ndani. Muhogo mchungu una sumu na hauchomwi kwa njia hii. Ukionja ukasikia uchungu, tema na utupe.

Nazi. Sasa sababu ya nazi tatu. Tui ni tamu na ni letu, lakini mafuta yake mengi ni yale yanayoganda, kama ya mnyama. Anayeacha nyama akaanza kula wali wa nazi, maharage ya nazi na ndizi za nazi kwa siku moja hajapunguza kitu. Nazi moja kwa siku mbili inatosha. Tumia tui la pili kupikia na tui zito mwishoni kwa vijiko, kwa moto mdogo, huku ukikoroga lisikatike.

Vivyo hivyo kwa viazi vya karai, bajia na mahamri. Havina nyama, lakini vimeogelea kwenye mafuta. Mara mbili katika siku sita si vibaya. Kila asubuhi na kila jioni ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine.

## Hatua ya 5: Panga siku yako

Asubuhi. Mbaazi kikombe kimoja na mkate wa mofa. Mofa una nafaka nzito na hukaa tumboni, mahamri hayakai. Ukichoka mbaazi, kunywa uji wa wimbi uliotiwa karanga za kusaga na ndimu, na uongeze nusu kikombe cha kunde mchana na nusu nyingine usiku.

Saa nne. Tende tatu na karanga kiganja. Usiiruke saa hii. Anayefika mchana akiwa na njaa kali hula wali sahani mbili na kusinzia mpaka alasiri.

Mchana. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, bamia, boga, kachumbari. Robo wali, robo kunde, yaani kikombe kizima. Kamulia ndimu juu ya kila kitu. Ndimu hapa ina kazi. Madini ya chuma ya mimea huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama, na vitamini C huyasaidia kuingia. Embe likiwa msimuni, liwe ngowe, boribo au apple, litafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, chai ya rangi na kahawa huzuia madini hayo. Zinywe saa moja baada ya chakula, si pamoja nacho.

Usiku. Pojo kikombe kimoja, na chapati moja ya maji au muhogo. Kula mapema, saa moja au moja na nusu, na usiku wenye mishkaki ya biringani chakula kiwe tayari kabla moshi wa barabarani haujaanza.

Kama unawaza vitamini B12, ambayo haimo kwenye mimea, tulia. Ini huweka akiba yake ya muda mrefu, na siku sita haziigusi. Anayetaka kuendelea kwa miezi ndiye anayehitaji vidonge vya B12.

## Hatua ya 6: Vuka siku ya pili na ya tatu

Kichwa. Wengi huacha nyama, sukari, chai na kahawa siku moja, halafu kichwa kikiuma husema ni sumu zinatoka. Kinachouma mara nyingi ni kukosa kahawa. Usiiache. Kahawa tungu haina maziwa wala sukari, na ukiinywa kwa tende barazani hujavunja kitu. Chai ya maziwa ndiyo ibadilishwe kwa chai ya rangi yenye tangawizi na iliki.

Maji. Nyuzinyuzi bila maji hufunga choo. Kunywa glasi nane hadi kumi, na zaidi ukifanya kazi juani. Dafu moja kwa siku ni zuri kwa mwenye figo nzima. Mkojo wa rangi hafifu ndio dalili kwamba maji yanatosha.

Gesi. Itakuja, hasa siku ya pili. Tafuna polepole, kunywa maji ya moto yaliyochemshwa na bizari nzima na tangawizi, na tembea baada ya kula. Njia ya ufukweni kuelekea Shela ni nzuri kwa kazi hii wakati maji yametoka. Gesi ikizidi, rudi kwenye pojo kwa siku moja, maana ni nyepesi kuliko kunde na mbaazi.

Acha zoezi mara moja ukiona kutetemeka na jasho baridi, kizunguzungu kinachokuangusha, kuharisha kunakopita siku moja, au damu kwenye choo. Kula chakula chako cha kawaida na umwone daktari.

Umefaulu ikiwa asubuhi ya siku ya nne choo kinapatikana bila kusukuma, huna usingizi mzito baada ya chakula cha mchana, na njaa inakujia saa zake badala ya kukusumbua kutwa. Ukipanda mizani ukakuta kilo moja imepungua, usitangaze bado. Sehemu kubwa ya hiyo ni maji yaliyoondoka pamoja na chumvi.

## Hatua ya 7: Jilinde saa za jioni na mialiko

Kati ya magharibi na isha usipite penye majiko ya mishkaki ukiwa na tumbo tupu. Ukilazimika kupita, kula kwanza.

Ukialikwa, nenda. Kukataa mwaliko kwa ajili ya chakula ni kumvunjia mwenyeji heshima, na wala hakuna haja. Mtangulie mwenyeji kwa neno zuri mapema, kabla hajapakua: "Shangazi, nimekuja kula wali wako na kachumbari. Kitoweo niwekee Ijumaa." Hapo kila mmoja ana amani, naye hatajiuliza kwa nini sahani yako imebaki.

Na ukiteleza ukala kipande kimoja, endelea na mlo unaofuata kama ulivyopanga. Usianze kuhesabu upya kutoka Jumamosi.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye nyama kwa utaratibu

Ijumaa mchana kula pilau na familia. Kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja bila vidole, na kachumbari ijae upande wa pili wa sahani. Tumbo limekaa siku sita bila mafuta mazito. Ukilipa nyama ya mafuta sahani mbili, utalala na kiungulia.

Anza na nyama ya kuchemsha au ya mchuzi. Mishkaki isubiri siku mbili, na itakapofika, kata sehemu zilizoungua zikawa nyeusi.

Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ni bora usizirudie kabisa. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu ikaiweka kwenye kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Shirika jingine la kupambana na saratani, World Cancer Research Fund, linashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Kwa mlaji wetu, hicho ni kiasi ambacho huisha kwa siku mbili.

Njia rahisi ya kukaa ndani ya kiasi hicho ni kuzipa kunde siku zake. Chagua mbili. Kwa nyumba zinazofunga Jumatatu na Alhamisi, siku hizo zinafaa sana: loweka kunde Jumapili usiku na Jumatano usiku, zichemshe alasiri, na tui lisubiri mpaka adhana inapokaribia.